Giza la Saa Tisa Mchana

"Mtu mwenye nia njema hafungi mbao za madirisha saa tisa mchana, jua likiwaka," alisema Bi Tsubouchi, huku akimenya chungwa ambalo hakuna aliyemwomba. "Hapa kwetu nyumba ikifungwa mbao mchana, ama wenyewe wamesafiri, ama kuna maiti ndani. Sasa wale hawakusafiri."

"Na maiti haikuwapo," alisema Inspekta Mochizuki Nobue.

"Bado," alisema Bi Tsubouchi, kisha akajipiga kibao cha mdomo. "Ulimi wangu huu! Chukua chungwa, mwanangu. Na wewe mnene, chukua."

Sajini Masui, ambaye ndiye mnene, alichukua mawili. Mochizuki hakuchukua. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye nywele fupi na subira fupi zaidi, na jambo moja lililomkera katika kazi yake ni shahidi anayetoa hukumu kabla ya kutoa habari.

"Tuanze upya," alisema. "Ulikwenda kufanya nini kwa akina Hirooka Jumatatu?"

"Kupeleka ubao wa mtaa, ule unaopita nyumba kwa nyumba. Matangazo ya kufagia mifereji. Ilikuwa zamu yao kuupokea baada yangu. Nikabisha, kimya. Nikazunguka upande wa magharibi, kwenye sebule yao, nikakuta mbao zimevutwa zote. Nikasema, hawapo, nitauacha mlangoni. Ndipo nikamsikia bibi Yasu."

"Akisema nini?"

Bi Tsubouchi aliinama mbele, akapunguza sauti ingawa nyumba nzima ilikuwa na wao watatu tu. "Akipiga kelele gizani. 'Unanikimbia wapi? Leo sikuachi, mshenzi wewe!' Mara kishindo, puu. Halafu mkamwana wake, Chigusa, akalia. Mimi nikaacha ubao palepale nikakimbia nyumbani kupiga simu."

"Kabla ya siku hiyo, hizo mbao ziliwahi kufungwa mchana?"

"Miezi yote hii ya baridi, kila siku, karibu saa tisa. Mtaa mzima unasema. Lisemwalo lipo, afande, na kama halipo laja."

"Chigusa ni mtu wa namna gani?"

Hapo mama yule alisita, maana umbea wake haukuwa na sumu. "Ukweli? Anamtunza mama mkwe wake kama yai. Mwaka juzi Yasu aliunguza mkono wa kimono yake, basi Chigusa akafukuza moto nyumba nzima. Jiko akaweka la umeme, hita ya mafuta akaitupa, hata viberiti alivikusanya vyote akaniletea mimi. Ndiyo maana nashangaa. Mtu kama huyo, giza la nini?"

Mochizuki aliinuka, akashukuru, akamvuta Masui kabla hajafikia chungwa la tatu.

Nje upepo mkavu wa Januari ulikuwa ukishuka kutoka kwenye mashamba ya chai, jua kali na baridi kali kwa pamoja, kama ilivyo mjini Kakegawa kila mwaka. Walitembea kuelekea nyumba ya pili huku Mochizuki akiyapanga mambo kwa sauti, ndivyo alivyozoea. Hirooka Yasu, ajuza wa miaka themanini na moja, alikuwa amelala hospitali kichwa kimepasuka, na tangu Jumatatu hajafumbua macho. Mkamwana wake, Chigusa, mjane wa mwanawe wa pekee, alisema walikuwa wakicheza mchezo wa televisheni, bibi akaanguka mwenyewe. Binti wa bibi, Sanae, aliyeolewa Hamamatsu, alisema wifi yake amemsukuma mama yake, na akawaambia wauguzi kwamba mtu huyo asikanyage chumbani. Kwa hiyo kila asubuhi Chigusa alikaa kwenye benchi la chini la hospitali, akingoja kuambiwa hali ya mgonjwa na yeyote mwenye huruma, kisha akarudi nyumbani.

"Na mkuu anataka faili kesho," alisema Masui. "Anasema kesi imekwisha. Bibi aliangukia upande wa kabati la marehemu, lile la kumwombea mumewe, mgongo ameupa televisheni. Nani anacheza mchezo wa televisheni akiwa ameipa televisheni mgongo?"

"Swali zuri," alisema Mochizuki. "Ubaya wa mkuu ni kwamba akishauliza swali zuri anadhani amelijibu."

Chigusa aliwafungulia kabla hawajabisha. Alikuwa na miaka arobaini na minane, uso wa duara uliopungua nyama ghafla, na macho ya mtu asiyelala. Aliwawekea viatu vya ndani, akawatengea chai, akapiga magoti pembeni kama mgeni nyumbani mwake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Chigusa, pamoja na miaka yake yote chini ya paa lile, bado alikuwa na kamba hiyo.

"Mama ameamka?" aliuliza.

"Bado," alisema Mochizuki.

"Basi niulizeni mtakayo."

"Kwa nini unafunga mbao mchana?"

"Nilimwambia yule kijana aliyekuja Jumatatu. Aliandika, lakini aliandika huku akinitazama kama mwongo." Chigusa alionyesha dirisha kubwa. "Chumba hiki kinatazama magharibi. Wakati wa baridi jua linashuka chini, linaingia mpaka kwenye televisheni. Likiingia, mchezo haukubali. Na mama saa yake ya kucheza ni saa tisa. Ukimwambia asubiri jioni ananuna mpaka chakula cha usiku."

"Anacheza nini?"

"Samaki." Kwa mara ya kwanza midomo ya Chigusa ilitaka kucheka. "Wale wekundu, tunaowachota kwa wavu wa karatasi kwenye sherehe za hekalu. Unashika rimoti, unaielekeza kwenye televisheni, wavu unafuata mkono wako. Ukichota vibaya karatasi inachanika. Mama anawatukana wale samaki, afande, mpaka naona haya. 'Mshenzi wewe, unanikimbia wapi?' Bibi mzima!"

Masui alikohoa kuficha kicheko, akamtupia bosi wake jicho. Mochizuki hakumtazama. Lakini lile neno la Bi Tsubouchi, lililokuwa zito kama jiwe robo saa iliyopita, lilikuwa limeshapoteza nusu ya uzito wake.

"Masui. Nyumbani kwako si mna mashine kama hii?"

"Tunayo. Hata sisi tunafunga pazia. Jua likipiga, mkono wa kwenye skrini unarukaruka kama una kifafa."

"Mimi siamini pazia la kwako wala mbao za hapa. Simama. Wewe ndiye bibi Yasu."

"Mimi?"

"Punguza tumbo, inatosha."

Ilikuwa inakaribia saa tisa, na jua lilikuwa limeshafika kwenye mguu wa televisheni. Juu ya televisheni palikuwa na ufito mwembamba mweusi. Chigusa alieleza kwamba ufito ule unatoa mianga miwili, mmoja kila ncha, ambayo jicho la mtu haliioni. Lakini rimoti ina jicho lake mbele, nalo huitafuta ile mianga ili lijue mkono umeelekea wapi. Akawasha mashine. Kwenye skrini kikatokea kikatuni cha bibi mwenye fundo la nywele nyeupe na miwani, kikawainamia.

"Ni yeye," alisema Chigusa. "Nilimtengeneza mimi. Alinilazimisha nimpunguze mikunjo ya uso."

Masui alijifunga kamba ya rimoti mkononi, akanyoosha. Wavu wa karatasi ulitokea, ukaruka juu, ukapotea, ukatokea pembeni, ukapotea tena. Alijaribu kusogea. Alijaribu kupiga hatua nyuma. Samaki walipita mbele yake kwa raha zao.

"Jua," alisema. "Rimoti inaona jua tu, haioni ufito."

"Funga mbao," alisema Mochizuki.

Chigusa alizivuta, moja baada ya nyingine, kwa mkono uliozoea. Chumba kikaingia giza, isipokuwa mwanga wa televisheni. Mochizuki alisimama katikati ya giza hilo la mchana lililosumbua mtaa mzima, akatazama. Wavu ulikuwa umetulia. Masui alichota samaki mmoja, akachota wa pili, wa tatu akamlia shabaha ulimi ukiwa nje.

"Nimemkamata! Afande, umeona? Yule mweusi mwenye macho makubwa ni pointi..."

"Uko kazini, Masui."

"Ndiyo, afande."

"Kwa hiyo giza limejieleza," alisema Mochizuki. "Bado mgongo." Alitoa picha zilizopigwa Jumatatu na polisi wa kwanza kufika, akazisogeza kwenye mwanga wa televisheni. Alikuwa na mtindo wake: tukio lisilojieleza alilirudisha lilivyokuwa, kitu kwa kitu, mpaka lichoke kujificha. "Mto wa kukalia ulikuwa mbele ya kabati. Uweke. Meza iwe hapa. Milango ya kabati wazi." Alipofika picha ya tatu aliisogeza karibu na macho. "Na hii mishumaa ilikuwa inawaka."

Kabati la marehemu lilikuwa kulia kwa televisheni, jeusi nje, la dhahabu ndani, picha ya mzee Hirooka juu yake. Mbele ya bakuli la wali wa sadaka palisimama mishumaa miwili minene, iliyoungua nusu.

"Nani aliiwasha?" aliuliza Mochizuki.

"Mimi," alisema Chigusa. Alijibu upesi mno. "Ilikuwa kumbukumbu ya siku aliyofariki baba mkwe. Kila mwaka tunamwashia."

"Iwashe basi, kama ulivyoiwasha siku ile."

Chigusa alisogea mbele ya kabati. Akafungua droo ndogo ya chini, akaifunga. Akafungua ya pili, akaifunga haraka. Akapapasa nyuma ya chetezo. Mochizuki alimwangalia bila kumharakisha.

"Kiberiti," alisema Chigusa, "sijui kimewekwa wapi."

"Si neno. Masui anavuta sigara na mkewe hajui."

"Anajua," alisema Masui kwa huzuni, akatoa kiberiti chake cha gesi, akawasha mishumaa yote miwili. Akarudi mahali pake na kuinua rimoti.

Wavu ulitetemeka, ukaruka kushoto, ukaganda, ukaruka tena. Masui alinyoosha mkono zaidi. Samaki mwekundu alikuja hadi katikati, akachota, akakosa. "Ah! Unanikimbia wapi?" ilimtoka, na papo hapo akaona haya. Akajaribu kupeleka mkono kulia kidogo. Wavu ukatulia. Kulia zaidi. Ukatulia zaidi.

"Afande," alisema polepole. "Inaona mishumaa."

"Eleza."

"Rimoti inatafuta mianga miwili ya aina ile isiyoonekana. Ufito una miwili. Sasa kuna mingine miwili pale kabatini, maana moto nao unatoa mwanga huohuo. Nikielekeza kwenye televisheni inaona yote minne, inachanganyikiwa. Nikielekeza kwa mzee..." Aliupeleka mkono mpaka kwenye kabati. Wavu ulisimama katikati ya skrini, imara, ukingoja. "Kwa mzee inaona miwili tu. Inadhani ule ndio ufito."

"Endelea kucheza. Usinifikirie mimi. Taka samaki."

Masui aliwataka kwelikweli, hilo ndilo jambo zuri la Masui. Kila wavu ulipotulia alisogea zaidi upande uleule. Mkono ulikwenda kulia, shingo ikabaki kushoto kwenye skrini. Bega likafuata mkono. Nyonga ikafuata bega. Mguu wa kulia ukapiga hatua bila kutazama, ukakanyaga mto wa kukalia, na mto ukateleza juu ya mkeka laini kama umepakwa mafuta. Mochizuki, aliyekuwa ameshasimama nyuma yake, alimdaka kwa mkanda wa suruali, wakayumba wote wawili, wakakomea pembeni mwa meza.

Masui alikuwa ameelekea kabati la marehemu, mgongo ameupa televisheni, na kona ya meza ilikuwa karibu na sikio lake.

"Huyo hapo bibi Yasu," alisema Mochizuki. "Na hakuna mkono wa mtu."

Masui alipumua kwa nguvu, akainama kuipuliza mishumaa.

"Usipulize!" Chigusa alimkemea kama anavyokemewa mtoto. "Marehemu hapuliziwi mdomo." Akaja mwenyewe, akaizima kwa kuipepea kwa kiganja, kwa adabu, mmoja kisha mwingine.

Mochizuki alivuta ubao mmoja wa dirisha, jua likaingia kwa kipande. Alikaa mkekani mbele ya Chigusa, goti kwa goti.

"Sajini wangu ameshangaa," alisema. "Mimi nimeshangaa, ingawa sikuonyesha. Wewe hukushangaa. Wavu uliporuka, wewe ulikuwa unaangalia sakafu."

Chigusa alikunja mikono magotini.

"Ulijua. Tangu lini?"

"Tangu usiku uleule." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa jikoni namkatia matunda. Akaniita, 'Chigusa, wavu unakimbilia kwa mzee leo!' Mimi nikacheka, afande. Nikacheka, nikaendelea kukata. Nilidhani ni utani wake. Halafu nikasikia kishindo. Usiku nilipokaa peke yangu ndipo maneno yale yakanirudia, nikaelewa."

"Ukanyamaza siku zote hizi. Unatuhumiwa kumsukuma mtu, jibu unalo, na unanyamaza."

"Nilisema ni ajali."

"Ulisema ajali, hukusema mishumaa. Na leo umeniambia uliiwasha wewe. Kwa nini? Nyumba hii haina hata njiti ya kiberiti. Jirani yako ana viberiti vyako vyote." Mochizuki alinyoosha mkono, akaifungua ile droo ya pili ambayo Chigusa aliifungua na kuifunga haraka. Ndani yake mlikuwa na mishumaa mingine miwili, ya plastiki, mirefu na myeupe, yenye balbu ndogo kichwani na betri chini. "Hii ndiyo mishumaa ya nyumba hii. Haina moto, haimdanganyi mtu wala rimoti. Bibi Yasu amecheza miezi yote hii ikiwa inawaka, wala wavu haukukimbia. Jumatatu mtu mwingine aliiweka hii kwenye droo, akawasha ya moto. Nani?"

Chigusa aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Andika ni mimi. Nakuomba, dada. Andika ni mimi."

Hapo Mochizuki, ambaye hakupenda kuitwa dada na watuhumiwa, hakulikataa lile neno.

"Sanae," alisema.

"Anakuja siku hiyo kila mwaka. Mimi huwa natoka nakwenda sokoni, niwaachie nafasi, maana hatuelewani sana. Niliporudi alikuwa ameshaondoka kuwahi treni, na mishumaa inawaka. Niliiona, afande. Ningeweza kuizima. Nikasema, nikiizima akajua, atasema nimezima mwanga wa baba yake. Nikaiacha. Kwa hiyo kosa ni langu pia, si uongo."

"Si kosa la mtu. Lakini kwa nini umfiche yeye anayekutukana hospitali nzima?"

Chigusa aliinua uso. Alikuwa analia bila kelele.

"Mzee alipokuwa anakata roho, Sanae alikuwa njiani. Treni ilichelewa kwa upepo. Alifika mzee amekwisha kufunikwa uso. Tangu hapo hakuna mwaka aliokosa. Ule mshumaa kwake ni kama kufika kwa wakati. Sasa umwambie kwamba huohuo ndio uliomwangusha mama yake? Mama akifa, ataishi vipi? Mimi nimeshazoea kusemwa. Mkamwana husemwa hata chai ikipoa. Lakini yeye ni binti."

Masui alijigeuza, akajifanya anakagua dirisha.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema watu, na Mochizuki alikuwa ameona wengi wakiwatwika wenzao makosa yao. Mtu anayeng'ang'ania mzigo usio wake, mpaka mlango wa jela, alikuwa hajamwona mara nyingi. Alimwonea huruma, na huruma ile ilimkasirisha, kwa sababu alijua jambo atakalolifanya.

"Chigusa," alisema, "nikiandika uliiwasha wewe, mkuu wangu atasema mwanamke aliyeondoa moto nyumba nzima amewasha mishumaa siku moja tu, na siku hiyohiyo bibi akavunjika kichwa. Utakwenda mbele ya mwendesha mashtaka. Bibi Yasu akiamka atakuta kiti chako kitupu. Hilo umelifikiria?"

Hakuwa amelifikiria. Ilionekana usoni.

"Vaa koti. Tunakwenda wote."

*

Uchiyama Sanae aliwapokea mlangoni mwa chumba cha mama yake, akausimamia mlango kwa mwili wake wote. Alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa vizuri, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Mochizuki alikuja na Masui peke yake. Chigusa alikuwa amebaki chini, kwenye benchi lake.

"Mmemkamata?" aliuliza Sanae.

"Nina swali moja kwanza. Jumatatu, kabla hujaondoka, uliwasha mishumaa?"

"Ndiyo. Nilileta mwenyewe, mizuri, na kiberiti changu. Ile ya betri niliitia kwenye droo. Baba yangu si mwanasesere aangaziwe na betri. Kwani kuna sheria?"

"Hakuna."

"Basi unaniulizia nini?"

Mochizuki alikuwa amefikiria njiani jinsi ya kulisema, na hakupata njia ya kulilainisha. Alilieleza kama lilivyo: jua, mbao, ufito, jicho la rimoti, mianga miwili na mingine miwili, mto uliokuwa juu ya mkeka. Masui akaonyesha kwa mwili wake, mkono kule, shingo huku, pale pale kwenye korido, na muuguzi aliyekuwa akipita na toroli akasimama kumshangaa.

"Mshumaa haumwangushi mtu," alisema Sanae.

"Haukumwangusha. Alikuwa anachota samaki, akaufuata wavu. Ni ajali, mama. Ndivyo nitakavyoandika, na hakuna atakayeulizwa zaidi."

"Mama yangu hachezi..." Sanae aliishia hapo. Mkono wake ulikuwa umeshika fremu ya mlango, na vidole vilikuwa vimepauka. "Alinionyesha. Jumatatu tulipokuwa tunakula. Alisema, 'Kaa kidogo, saa tisa unione ninavyowakamata.' Nikamwambia nina treni." Akamtazama Mochizuki usoni. "Wifi amesema ni mimi?"

"Amesema ni yeye. Amesema aliwasha yeye, akaniomba niandike hivyo. Alikuwa tayari kushtakiwa."

"Yeye? Kwa nini?"

"Ili wewe usijue. Alijua ukweli tangu usiku uleule."

Mochizuki aliona lile neno likiingia. Hakulifurahia. Sanae alitazama ndani ya chumba, kwenye kitanda, kwenye kichwa kidogo kilichofungwa bandeji, akatazama kwa muda mrefu kama anayehesabu pumzi za mama yake. Kisha akauacha mlango, akatembea kwa haraka hadi ngazi, viatu vya ndani vya hospitali vikimpiga visigino.

"Afande, tumfuate," alinong'ona Masui. "Asije akampiga."

Walimfuata, lakini Mochizuki alimzuia sajini wake kwenye ngazi ya kati, mahali pa kuona na kusikia.

Chigusa alipomwona wifi yake anakuja alisimama, akainama, mikono imeshikana mbele. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kuomba radhi kabla sauti haijatoka.

"Nyamaza," alisema Sanae. "Usiniombe radhi, nitakufa."

Chigusa akabaki ameinama.

"Siku zote hizi ulikaa hapa. Mimi nikipita kwenda kununua kahawa nikikuona nasema, mnafiki huyo." Sauti iliyozoea kusikilizwa ilikuwa inakatika. "Panda juu. Nenda ukae naye. Wauguzi nitawaambia. Akifumbua macho atatafuta uso wako wewe, wangu atauliza ni wa nani."

"Twende wote, wifi."

"Nitakuja. Tangulia. Mimi siwezi kumtazama sasa hivi, niache nilie kwanza."

Akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Chigusa alizitazama ngazi, akamtazama Sanae, akakaa naye palepale mpaka alipomaliza, ndipo wakapanda pamoja.